Kilomita Hamsini na Mbili za Mama Mkwe

Ukitaka kumwona Mzee Phineas Mabonga, usiende kwake Langas Jumamosi asubuhi. Utampata mkewe, Tryphosa, mama yake Sylvia, amekaa mlangoni akichambua mboga, na atakuambia bila kuinua kichwa kwamba mzee ameenda kumsalimia mke mwenza. Usishtuke. Mke mwenza huyo ana magurudumu sita na boneti.

Lori lenyewe lilikaa chini ya mabati mjini Eldoret, nyuma ya duka la mazulia la Mama Hamza, na kwa miaka kumi na saba Mabonga alipanda boda kila Jumamosi kwenda kuliwasha. Alipima oili, akaongeza maji, akapiga stata. Likikubali, aliliacha lingurume dakika ishirini, naye amesimama kando, mikono nyuma, sikio lake moja lililobaki zima ameligeuzia injini. Kisha akalizima akarudi zake. Hakuna aliyemtuma. Dereva mstaafu wa miaka sitini na tisa, badala ya kukaa na wenzake kwenye drafti, anaenda kusikiliza chuma! Watu wa Langas walimcheka waziwazi, naye akawaacha wacheke.

Na hao wanaocheka wamefika wapi? Nakuru? Mabonga amefika Lubumbashi. Amefika Bujumbura mara mbili, Kigali mara sita, na Juba mara ambazo hata yeye aliacha kuhesabu. Kote huko alikwenda na lori hilo hilo, yeye kwenye usukani, na mwenye lori, Omar, upande wa kushoto na chupa ya chai kati ya magoti.

Walikutana Moi's Bridge mwaka wa themanini na nne. Mabonga alikuwa ametoka kwao Kimilili kuja kubeba magunia ya mahindi kwenye maghala, akajifunza kuendesha kwa trekta za wakulima, na siku hiyo miguu yake ilikuwa imechomoza chini ya lori la mtu mwingine. Omar, kijana mwembamba wa Kisomali ambaye biashara ya baba yake ilikuwa imemleta Eldoret kutoka Wajir, aliinama akaongea na ile miguu.

"Wewe unajua gari?"

"Najua lililoharibika," miguu ikajibu. "Lililo zima hata mtoto analiweza."

"Basi kuja kesho. Langu halijawahi kuwa zima."

Hakuwa anatania. Lori lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu kabla yake, na kila mmoja alikuwa ameondoka na kipuri kimoja cha kumkumbuka. Mabonga aliliendesha wiki moja tu, akalipa jina: Mama Mkwe. Kwa Wabukusu wenzake mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unakaa mbali, unaongea kwa upole, humtazami machoni, na akikasirika si kazi yake kukueleza kwa nini. Sasa lori lile lilikuwa linaweza kutoka Eldoret hadi Malaba likiimba, halafu mahali tambarare, kivulini, mafuta yapo, maji yapo, likazima tu. Unafungua hiki, unafunga kile, halitaki. Omar anatandika mkeka kando ya barabara, Mabonga anakoka moto, wanakunywa chai. Baada ya saa mbili linawaka lenyewe, na hakuna anayeuliza lilikuwa limeudhiwa na nini.

Njia zote za kulitibu walijifunza barabarani. Tangi likivuja dizeli unalikandika kwa sabuni ya kipande. Rejeta ikivuja unaimiminia ute wa yai, na maji yakichemka ute unaganda kwenye tundu. Kati ya Masaka na Mbarara waliwahi kuipa mayai kumi na mawili kwa siku moja, Omar akalalamika kwamba Mama Mkwe anakula vizuri kuliko wao. Difu, gia za ekseli ya nyuma, ililia vibaya njia nzima ya Kigali, wakaisokomeza ndizi mbichi na maganda yake, ikanyamaza hadi mpakani. Ukimweleza fundi wa leo mambo hayo, fundi mwenye kompyuta ya kuchomeka kwenye gari, anakuangalia kama umelewa.

Na raha ilikuwepo, tusidanganyane. Mwezi wa Ramadhani Mabonga alikuwa akijificha nyuma ya lori kula kiporo cha ugali, na Omar, macho yamefumbwa, mgongo kwenye gurudumu, anasema, "Mabonga, nasikia kitu kinatafuna." Mabonga anajibu mdomo umejaa, "Ni gia hiyo, bosi." Kila wakati wa swala Omar alisimama kwenye mkeka wake, na Mabonga alizunguka lori akigusa habu za magurudumu kwa mgongo wa mkono, moja baada ya nyingine, kujua kama kuna beringi iliyopata moto. Mmoja akimaliza kabla ya mwenzake anasubiri. Miaka ishirini na nne walisafiri hivyo.

Omar alifia njiani, Januari ya mwaka elfu mbili na nane, walipokuwa wakirudi kutoka Juba bila mzigo. Kifua kilimkamata kwenye barabara ya murram kati ya mpaka na Gulu, mahali pasipo nyumba wala shamba, maana watu wa sehemu ile walikuwa bado hawajatoka kwenye kambi za wakimbizi wa vita. Mabonga alikata matawi akayatandaza barabarani nyuma na mbele ya lori, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika, na dereva anayeona matawi hapiti bila kusimama. Malori mawili yalisimama. Madereva wote wawili walikuwa Waislamu, mmoja Mnubi na mwingine Msomali wa Isiolo, na walimwambia Mabonga jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua: maiti wa Kiislamu hakawizwi. Kupelekwa nyumbani hakukuwezekana hata kwa ndoto. Wiki ile Eldoret ilikuwa inawaka moto wa uchaguzi na barabara zote za kwetu zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo. Wakamzika Omar palepale, kabla ya alasiri.

Jiwe moja kichwani, basi. Hakuna jina, hakuna tarehe. Mabonga ametoka mahali ambapo mtu huzikwa kando ya nyumba yake, na mjukuu ambaye hajazaliwa ataonyeshwa kaburi hilo na kuambiwa ni la nani. Kuondoka pale na kumwacha rafiki yake chini ya jiwe kama mawe mengine kulimshinda kabisa. Kwa kuwa kaburi halikuandikwa, aliandika lori. Alitazama mita ya kilomita kabla ya kuondoka, akaendesha hadi Gulu, akaitazama tena mbele ya msikiti wenye geti la kijani, akatoa hesabu. Kisha akachukua msumari akakwaruza kwenye dashibodi tarakimu mbili: 52.

Alipofika Eldoret, wiki ya tatu baada ya mazishi, alimkuta Halima, mke wa Omar, yuko ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hazungumzi na wanaume wa nje, na Mabonga, pamoja na kula kwenye nyumba ile miaka yote hiyo, alikuwa mwanamume wa nje. Viatu vya Omar, kofia yake na simu yake alimkabidhi Zakaria, kaka wa marehemu, hapo uani. Zakaria aliuliza maswali matatu akaingia ndani. Alichomwambia Halima ni yeye anayejua.

Eda ilipoisha, nani angeanza? Mabonga aliona si adabu, dereva kumkalisha mjane wa tajiri wake na kumsimulia kifo. Halima naye aliona haya kumuuliza. Basi kila Jumamosi chupa ya chai ya tangawizi ilitokea mlango wa jikoni na kuwekwa juu ya stuli.

"Baba Sylvia, umeamkaje?"

"Salama, Mama Hamza. Gari limewaka."

"Alhamdulillahi."

Miaka kumi na saba, maneno yao yote yalikuwa ni hayo.

Mwaka huu Halima alitimiza miaka sabini, na kisukari kikaanza kumchezea miguu. Siku moja alimwita mwanawe Hamza, ambaye siku hizi ana malori yake mapya na nyumba Elgon View, akamwambia anataka kusimama kwenye kaburi la Omar wakati miguu bado ni yake. Alisema mumewe alidondoka porini kama mzigo uliodondoka kwenye gari, bila mtu wake hata mmoja kando, na kama hakuna wa kwake aliyekuwepo siku hiyo basi angalau yeye afike amwombee dua palepale.

Hamza ni mtoto mzuri, hilo hatutamnyima. Alimchukua Mabonga kwenye gari lake kubwa jeupe, wakaenda Gulu wawili kukagua kwanza. Walipima kilomita hamsini na mbili kutoka msikitini, wakajikuta kwenye barabara ya lami, mbele ya kibanda cha simu, kanisa lenye ngoma, na mashamba ya mihogo mpaka macho yachoke. Hakuna pori. Wakazi waliwaambia kwamba wao walirudi kutoka kambini baadaye, na hawajui habari za kaburi la Mkenya. Dereva Mnubi ameshafariki, yule wa Isiolo simu yake haipatikani. Walizunguka siku mbili wakarudi mikono mitupu.

"Kilomita ndizo si zenyewe," Mabonga alieleza, wamesimama nyuma ya duka. Mwaka wa tisini na sita Mama Mkwe alifungwa matairi makubwa kuliko yake, na difu ya lori lingine, na tangu siku hiyo mita yake ilihesabu ilivyopenda.

"Si tupime tu hapa Eldoret, Mzee, halafu tupige hesabu na simu," Hamza akasema.

"Haidanganyi sawasawa. Ikiteremka inaruka namba. Ikipanda inasota. Uongo wake inaujua yenyewe."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Halima alikuwa amesimama ndani, na kwa mara ya kwanza aliingilia mazungumzo ya uani.

"Lori ndilo lililomwacha kule," alisema. "Twendeni na lori."

Mabonga alilitengeneza miezi miwili. Tryphosa alimpikia, akamfungia sweta, akamwambia akifa huko asizikwe kienyeji, arudishwe Kimilili hata kwa baiskeli. Walitoka Eldoret Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watatu kwenye kebini: Mabonga kwenye usukani, Halima dirishani na kikapu chake, na Hamza katikati, kwa maana ndivyo adabu inavyotaka, mtu mzima wa miaka thelathini na nane amebana magoti kando ya gia. Malaba, ofisa wa forodha alilizunguka lori mara mbili akauliza kama linapelekwa makumbusho.

Lilizima Tororo. Lilizima tena kabla ya Mbale, likazima Soroti, na Lira likavuja rejeta. Ungemwona Mabonga! Alishuka kila mara na spana mkononi, mzee wa kulalamikia mgongo nyumbani, akaingia chini ya injini kama kijana. Lira alimtuma Hamza kununua mayai, na Hamza, mwenye malori manane, akauliza ya nini. Halima alikaa kwenye mkeka kando ya barabara akicheka peke yake. Miaka yote ile Omar alirudi nyumbani akimwambia, tulilala Soroti, tulikula samaki Lira, Mama Mkwe alikataa Mbale, naye aliyasikia majina hayo kama ya hadithi. Sasa alikuwa akiyaona, na yalikuwa na vumbi na mbuzi kama mahali pengine popote.

"Hapa mlikuwa mnakula wapi?" alikuwa akiuliza kila mji.

"Pale palipo na hiyo benki, Mama Hamza. Kulikuwa na mama mmoja wa samaki. Omar alimwambia kila safari kwamba pilipili yake itamuua."

"Na kulala?"

"Juu ya mzigo. Yeye alikoroma, mimi nikahesabu."

Alijibu kila kitu isipokuwa lile jambo lenyewe. Kadiri walivyokaribia Gulu majibu yalizidi kuwa mafupi, na Halima hakumsukuma.

Jumatano asubuhi walisimama mbele ya msikiti. Geti limepakwa rangi mpya lakini bado ni la kijani. Hamza aliisoma mita kwa sauti, akaiandika kwenye simu, akajumlisha hamsini na mbili, wakaondoka kuelekea mpakani. Kilomita kumi. Kumi na tisa. Halima alikuwa ameshatoa tasbihi. Kwenye ishirini na sita barabara ilianza kupanda, mlima mrefu usio mkali, na Mabonga aliangalia mita akaona namba imekwama. Lori linakwenda, mita haisogei. Inasota, kama kawaida yake.

Ndipo alipoelewa.

Mwaka ule, akirudi nyumbani, mlima huu aliuteremka, na mita iliruka namba. Leo anaupanda. Hamsini na mbili za kurudi haziwezi kuwa hamsini na mbili za kwenda. Ili mita iseme uongo ule ule, ingebidi waanzie kaburini waje Gulu, na kaburi ndilo walilokuwa wakilitafuta. Watu wazima watatu, mmoja wao dereva wa miaka arobaini anayejua kila tabia ya lori lile, wamemkokota Mama Mkwe nchi mbili, na hakuna aliyefikiria kwamba namba ilichukuliwa kwa upande wa pili. Mabonga aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alitazama kulia na kushoto akitafuta jiwe, mti, kilima, chochote. Mihogo. Mabati. Mihogo tena. Akanyamaza kabisa, akaendelea kuendesha kwa sababu hakujua namna ya kusimama.

Kwenye arobaini na tisa kitu kiligonga ndani ya injini mara tatu, kwa nguvu, kisha chuma kikapasua chuma. Lori likasogea kidogo kwa uzito wake likasimama kando ya barabara, na oili yote ikamwagika kwenye lami. Mabonga hakuhitaji kufungua boneti. Konrodi, mkono wa pistoni, ilikuwa imetoboa bloku ya injini. Hakuna yai la kutibu jambo hilo wala ndizi. Aliweka mkono kwenye usukani, na machozi yakamtoka, ya lori, ya Omar, na ya upuuzi wake mwenyewe. Kisha akashuka kukata matawi, kwa kuwa hilo ndilo linalofanywa kwanza.

Hamza alimfuata hadi nyuma ya lori, alipokuwa akitandaza matawi kwenye lami, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mzee, imebaki kilomita ngapi?"

"Sijui."

"Si ni tatu?"

Mabonga alimweleza habari ya mlima. Hamza alishika kiuno akatazama mashamba.

"Mwonyeshe popote," alisema mwishowe. "Tafadhali. Mama amechoka, miguu imevimba, hatarudi huku tena. Mwonyeshe pale penye nyasi, aombe, twende nyumbani. Mungu anajua nia."

Na pale penye nyasi palikuwa pazuri, hilo ndilo lililomtesa Mabonga. Kulikuwa na nafasi kati ya mashamba mawili, nyasi fupi, na jiwe, jiwe hasa, la ukubwa unaofaa. Kidole kimoja tu. Halima angelia, angeomba, angelala usingizi mzuri hadi mwisho wa maisha yake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kubisha, kwa kuwa aliyejua ni yeye peke yake. Pengine hata palikuwa ndipo. Alifikiri hivyo akiwa na tawi mkononi, akatamani kwa moyo wake wote kuwa mtu anayeweza kufanya jambo hilo.

Halima alikuwa ameshuka, ameketi kwenye mkeka kwenye kivuli cha lori. Mabonga alikwenda akachuchumaa mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mama Hamza, sijui ni wapi. Nimekupoteza. Namba niliichukua vibaya tangu mwanzo. Ni maeneo haya, mbele kidogo au nyuma kidogo, lakini nikikuonyesha mahali nitakuwa nakudanganya."

Hamza aligeuka pembeni. Halima hakuonekana kushangaa.

"Nilijua tangu kwenye mlima," alisema. "Ulinyamaza. Omar aliniambia, Mabonga akinyamaza ujue kuna kitu kimevunjika." Alivuta ushungi wake mbele. "Zakaria aliniambia maneno mawili. Kifua kilimkamata, na alizikwa. Miaka kumi na saba nimeishi na maneno mawili. Wewe ndiye ulikuwepo, Baba Sylvia, na sijawahi kukusikia."

"Niliona si vizuri kukuambia."

"Mimi niliona si vizuri kukuuliza. Sasa gari limekufa, hatuna pa kwenda. Niambie."

Mabonga alianza vibaya, akaanza na injini, Halima akamwacha afike mwenyewe. Alisema kwamba Omar aliomba wasimame aswali, na haukuwa wakati wa swala, na hapo ndipo yeye alipoogopa. Alimshusha. Omar akauliza kama amegusa habu. Akamwambia amegusa, zote baridi, na ulikuwa uongo, hakuwa amegusa chochote. Omar akatabasamu. Kisha akaanza kutamka shahada, akaifikisha nusu, ulimi ukawa mzito, akarudia, ukawa mzito tena, na macho yake yakawa yanamtazama Mabonga yakiomba kitu.

"Kwa hiyo nikamsaidia," Mabonga alisema, akitazama chini. "Nilimtamkia mimi, polepole, naye akanifuata. Unisamehe, Mama Hamza. Mimi si wa dini yenu, sijui kama inaruhusiwa. Lakini nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kando ya barabara miaka ishirini na nne, nikawa nayajua. Aliyamaliza. Nilimsikia akiyamaliza yote, ndipo akaondoka."

Halima alifunika mdomo kwa mkono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hamza alikuja akapiga magoti kando ya mama yake, asijue la kufanya na mikono yake. Lori moja refu lilipunguza mwendo kwenye matawi, dereva akachungulia. Mabonga alimwinulia mkono asubiri.

"Mlimwosha?" Halima aliuliza alipoweza.

"Wale madereva wawili walimwosha. Maji tulikuwa nayo, madumu manne ya rejeta. Yote yaliisha kwake. Mimi nilikaa pale hadi kesho yake ndipo nikapata maji mengine."

"Ulikaa naye."

"Nilikaa naye."

Vidole vya Halima vilipita kwenye tasbihi bila kuhesabu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, jambo la mwisho.

"Alipokuwa anatamka, kichwa chake kilikuwa wapi? Kilikuwa chini, kwenye mawe?"

"Hapana," Mabonga alisema. Aliketi kwenye changarawe, akanyoosha mguu mmoja, akaweka kiganja kwenye paja lake. "Kilikuwa hapa."

Halima aliutazama mkono ule wa mzee juu ya paja, na suruali yenye oili ya Mama Mkwe. Aliutazama kwa muda mrefu, na dereva wa lile lori refu akazima injini akasubiri. Kisha Halima akafungua viganja vyake viwili mbele ya uso, hapohapo alipoketi.

"Basi nimefika," alisema, akaanza kuomba.